Majivu Mikononi

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Ndiyo maana wabanguaji wa Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, wengi wao wanawake, hupaka mikono majivu kabla ya kazi. Korosho hukaangwa, hugongwa moja moja, kisha humenywa ngozi ya ndani kwa ncha ya kisu. Ikivunjika, bei nayo imeshuka.

Biashara kubwa zilipita hapa kwa kishindo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga. Nachingwea ikafyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani. Mradi ulikufa 1951, reli ikafungwa 1962. Baadaye zikaja mashine za kubangua korosho, lakini mavuno ya nchi, yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalikuwa yameanza kuporomoka. Kazi ya mkono haikungoja mashine wala reli.

Kikwazo cha mwanamke mwenye kikaango chake ni malighafi. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kusini, korosho ghafi zikapelekwa mnadani, ambako mnunuzi huja na mtaji wa tani, si wa debe.

Kuhusu mtaji, mwaka 2018 sheria iliagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Lakini msimu wa korosho haungoji kibali cha mkopo: ukianza Oktoba bila fedha mkononi, mzigo umeshaondoka.