Kupwa na Kujaa kwa Bahari

Kupwa na kujaa ni kushuka na kupanda kwa maji ya bahari kunakosababishwa na uvutano wa Mwezi na Jua. Katika mwambao wa Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila baada ya saa 24 na dakika 50 hivi. Dakika hizo za ziada zinatokana na Mwezi: kwa kuwa unaizunguka Dunia, kila siku huchelewa wastani wa dakika 50 kufika pale ulipokuwa jana.

Wanafunzi wengi huambiwa kwamba Mwezi huyavuta maji, na maelezo yakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya habari. Ingekuwa ni kuvuta tu, bahari ingejaa mara moja kwa siku, upande unaoelekea Mwezi. Mbona hujaa pia upande wa pili, ulioupa Mwezi kisogo?

Isaac Newton alitoa jibu mwaka 1687. Uvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo maji ya upande wa karibu huvutwa zaidi kuliko kitovu cha Dunia, na kitovu huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa mbali. Tofauti hizo huivuta bahari ikatuna pande zote mbili. Kinachojaza maji, basi, si ukubwa wa mvuto wenyewe, bali ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa Dunia na mwingine. Ndiyo maana Jua, ambalo huivuta Dunia zaidi ya mara 170 kuliko Mwezi, huchangia chini ya nusu ya mchango wa Mwezi: liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na kwa umbali huo pande zote za Dunia huvutwa karibu sawasawa. Mwezi uko kilomita 384,400 tu kwa wastani.

Karibu na mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, nguvu za viwili hivyo huungana. Siku moja au mbili baadaye huja bamvua, na Zanzibar maji huweza kupanda na kushuka kwa mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hukinzana na kuleta maji mafu.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, huko Zanzibar, wengi wao wanawake, hufanya kazi zao wakati wa bamvua, mashamba yanapofikika kwa miguu. Maji ya bamvua huko hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na si kwa nasibu. Jua na Mwezi vikijipanga vilevile, bahari nayo hurudia saa zilezile.

Umbo la pwani huzidisha au hupunguza yote haya. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti hufika mita 16.

Msuguano wa maji yanayopwa na kujaa na sakafu ya bahari huipunguzia Dunia kasi ya kujizungusha, na Mwezi husogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka, kipimo kilichopatikana kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa huko kuanzia mwaka 1969. Zamani, basi, Dunia ilijizungusha kwa kasi zaidi: mwaka 1963 mwanasayansi John Wells alihesabu mistari ya ukuaji katika matumbawe yaliyogeuka mawe, ya karibu miaka milioni 400 iliyopita, akakuta kwamba mwaka wa zama hizo ulikuwa na siku 400 hivi.