Humusi Tatu: Mshahara wa Mtu na wa Mwenziwe

Wasikilizaji, leo shikeni kalamu na karatasi, kwani somo letu la tarikh lina hesabu ndani yake. Tuchukue watumishi wawili wa Serikali, wa mfano tu, wenye cheo kimoja na elimu sawa. Mmoja katoka Uingereza, wa pili ni mzaliwa wa Unguja. Yule wa kwanza hulipwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Jee, wa pili apewe ngapi?

Jawabu lilipigwa chapa. Mwaka 1947 ilitumwa tume ya Sir Maurice Holmes kutazama utumishi wa Serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, na ripoti yake ikatoka 1948. Ilisema kuwa asiyekuwa Mzungu apewe humusi tatu za mshahara wa Mzungu. Gawanyeni 1,000 kwa 5, mpate 200. Zidisheni kwa 3. Ni shilingi 600. Zile 400 zilizopungua hazikutokana na uvivu wala ujinga. Zilitokana na asili yake tu.

Siku hizi watu wengi humficha mshahara wao hata jirani wa meza. Humusi tatu hazikufichwa. Karani wa Beit el Ajaib, palipokuwa na ofisi za Serikali, aliweza kuisoma ripoti na kujua hasa amepunjwa kiasi gani. Dhulma ile haikupungua kwa kuandikwa, lakini aliyepunjwa alipata tarakimu ya kudai nayo, na tarakimu, mabwana na mabibi, haikanushiki kama manung'uniko.

Hamali wa bandarini hawakuwa na ripoti. Wao walikuwa na khabari zilizovuka bahari: mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, kisha wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba. Agosti 1948 nao wakagoma, na mgomo ukaenea mji mzima.

Huko Bara, mwaka 1954, tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilitaka mishahara isipangwe tena kwa asili za watu. Mshahara wa msingi uwe mmoja, ila aliyeletwa kutoka ng'ambo aongezwe kitu cha kumvutia aje. Basi rudini kwenye karatasi zenu. Ikiwa wote wawili wanalipwa shilingi 600, na yule wa Uingereza akaongezwa 400, amepata ngapi?