Jimmy Hakuwahi Kuwapo

Jumapili ya Septemba 28, 1980, wasomaji wa Washington Post walikutana kwenye ukurasa wa mbele na mtoto wa miaka 8 aitwaye Jimmy, mtumiaji wa heroini aliyezaliwa katika ukoo ambao unga ulikuwa umeshawashika bibi na mama. Mwandishi wa stori hiyo, Janet Cooke, msichana wa miaka 26 ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja gazetini hapo, alieleza makovu ya sindano kwenye mikono myembamba ya mtoto. Aliandika pia kwamba alishuhudia mpenzi wa mama yake akimdunga.

Jiji la Washington lilitaharuki. Polisi walianza msako mkubwa, na meya, Marion Barry, akatangaza kwamba maofisa wake wanamfahamu Jimmy na kwamba yuko kwenye matibabu. Baadaye alibadili kauli. Ndivyo habari isiyothibitishwa inavyozaa nyingine: mtoto ambaye hakuna aliyemwona, tayari serikali ya jiji ilikuwa inadai kumtibu.

Polisi walitaka waelezwe nyumba ilipo. Gazeti likakataa. Cooke alikuwa amewaahidi wahusika kuwafichia majina, na alisema muuza unga alitishia kumuua. Mhariri wa habari za jiji, Milton Coleman, alikubali kwamba hata yeye asitajiwe jina la mama wa mtoto.

Kuuelewa uamuzi huo lazima turudi nyuma miaka michache. Post ilikuwa gazeti la Watergate, lililochangia kumng'oa Rais Richard Nixon mwaka 1974 kwa habari zilizotoka kwa watu ambao majina yao yalifichwa. Bob Woodward, mmoja wa waandishi wawili wa sakata lile, sasa ndiye alikuwa bosi wa Coleman. Lakini katika Watergate, jambo la siri lilitafutiwa chanzo cha pili kabla ya kupelekwa mtamboni. Kwa Jimmy, chanzo kilikuwa daftari la mwandishi mmoja, basi. Heshima iliyojengwa kwa kuhakiki ikageuzwa kibali cha kutohakiki.

Si kwamba chumba chote cha habari kililala. Vivian Aplin-Brownlee, mhariri aliyekuwa akimsimamia Cooke kila siku, aliposoma stori hiyo hakuiamini, na alimwambia Coleman hivyo. Mwandishi mwenzake Cooke, Courtland Milloy, alipanda naye gari kwenda kutafuta watoto wengine wenye masaibu kama ya Jimmy. Walipokuwa wakizunguka mitaani, Milloy aligundua kwamba mwenzake haijui kabisa sehemu anayodai mtoto anaishi. Aliripoti wasiwasi wake. Wakubwa waliuchukulia kama wivu wa kazini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote, kwa sababu ushahidi ulikuwa umeshafika mezani, umeletwa na mtu wa ndani anayeijua kazi.

Badala ya kuchunguzwa, stori ikapelekwa kushindania tuzo ya Pulitzer. Iliingizwa katika kundi la habari za mahali, kisha bodi ikaihamishia kundi la makala, ambalo waamuzi wake hawakuwa wameisoma. Aprili 13, 1981 ilitangazwa mshindi.

Ushindi ndio uliomwanika Cooke. Magazeti yalichapisha wasifu wake, nao ukasomwa na wahariri wa Toledo Blade, gazeti alikofanya kazi zamani. Wasifu ulisema alihitimu Chuo cha Vassar kwa daraja la juu na kusoma Sorbonne, Ufaransa. Kumbukumbu zao zilionyesha alisoma Vassar mwaka mmoja tu na kupata shahada yake Chuo Kikuu cha Toledo. Maswali yalipofika Washington, mhariri mkuu Ben Bradlee alimwita na kumsemesha Kifaransa, lugha aliyodai kuimudu. Akababaika. Usiku huo, baada ya kubanwa kwa saa nyingi, alikiri: hakuna Jimmy, hakuna mama, hakuna muuza unga. Aprili 15 alijiuzulu, gazeti likarudisha tuzo, nayo akapewa Teresa Carpenter wa Village Voice.

Siku chache baadaye Bill Green, aliyekuwa mtetezi wa wasomaji ndani ya gazeti hilo, alichapisha humo humo ripoti ndefu iliyowataja wahariri kwa majina na kuonyesha nani alipuuza nini. Nawaheshimu kwa hilo. Yapo magazeti ambayo yangemtupia mwandishi lawama zote na kuendelea na toleo la kesho.

Kilichobadilika katika vyumba vingi vya habari Marekani ni kwamba kuficha chanzo kwa umma hakukumaanisha tena kukificha kwa mhariri, na vyeti vya waombaji kazi vikaanza kupigiwa simu vyuoni. Woodward mwenyewe, baadaye, alikiri kosa lililotangulia yote hayo. Yeye na wenzake waliiamini stori ile. Waliamini kwamba kuna mtoto wa miaka 8 anayedungwa sumu katika jiji lao, lakini walijadili siri, vitisho na sheria, wala hawakufanya lolote kumwokoa. Kama wangemtuma daktari mlangoni kwa Jimmy siku ile rasimu ilipofika mezani, wangejua siku hiyo hiyo kwamba hakuna mlango.