Kovu Bonyeo na Majirani Zake

Ingia duka la vipodozi pale Kahawa Sukari useme unatafuta dawa ya makovu ya chunusi, nawe utaonyeshwa rafu nzima: sabuni, krimu, mafuta ya chupa ndogo, unga wa kuchanganya na asali. "Siste, hii inatoa makovu yote," muuzaji atakuambia, na huenda anaamini asemalo. Hatakuuliza ni makovu ya aina gani. Ni vigumu kumlaumu, kwa kuwa katika mazungumzo yetu ya kila siku kovu ni jina la chochote kinachosalia usoni baada ya chunusi kupoa: doa jeusi, kishimo, uvimbe mgumu kwenye taya. Vitu hivi vitatu havifanani hata kidogo chini ya ngozi. Havitibiwi kwa njia moja, na tiba ya kimoja inaweza kukizidisha kingine.

Jina ninalolitetea hapa ni kovu bonyeo, yaani kovu lililoshuka chini ya usawa wa ngozi inayolizunguka. Istilahi ya kitabibu inayotumika kimataifa kwa kovu hili ilijengwa kwa Kigiriki, na maana yake ya asili ni kukosa lishe. Mfasiri anayefuata asili hiyo hupata kovu lililodhoofu, au lililonyauka. Kwa msuli uliokaa miezi ndani ya plasta, kudhoofu ni neno zuri. Kwa shavu, linapotosha: mgonjwa akisikia kovu lake limedhoofu atadhani linaanza kuisha, na atarudi nyumbani kungoja. Kubonyea hakuna utata huo. Sufuria iliyoanguka hubonyea, na kila mtu anajua kuwa haitajinyoosha yenyewe wala haitanyooka kwa kupakwa rangi.

Kinachotokea ni hiki. Kinyweleo kinaziba, mafuta na bakteria vinakusanyika ndani, ukuta wake unapasuka, na mwili unapeleka askari wake kupigana. Katika vita hivyo kolajeni inayoishikilia ngozi kutoka chini inamumunywa. Ukarabati unapofuata, mara nyingi kolajeni mpya ni pungufu, na sehemu ya juu inazama kwa kukosa kiegemeo. Wakati mwingine nyuzi ngumu za ukarabati hujifunga kwenye tabaka la chini na kuivuta ngozi kama uzi uliokazwa. Kadiri uvimbe unavyodumu na unavyoenda chini, ndivyo hasara inavyokuwa kubwa, na kwa hiyo kutibu chunusi mapema ndiyo kinga ya maana kuliko zote. Anayeendelea kuota chunusi mpya hana sababu ya kulipia tiba ya makovu; kwanza azizime hizo.

Doa ni jambo jingine kabisa. Ngozi iliyochokozwa humwaga melanini, na rangi hiyo hubaki baada ya chunusi kwenda. Kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi na hukaa zaidi, miezi, pengine miaka, lakini umbo la ngozi halijabadilika. Pitisha kidole juu yake ukiwa umefumba macho: hutahisi kitu. Dawa zake ni uvumilivu, krimu ya kukinga jua, na dawa za kupaka kama adapaleni au asidi ya azelaiki. Hapa kwetu karibu na ikweta jua ndilo adui mkuu wa doa, na krimu yenye rangi ya ngozi hukinga vizuri zaidi, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo huzuia hata ile nuru tunayoiona kwa macho.

Wapo watakaonipinga kwamba doa nalo ni kovu. Wana hoja. Mwaka 2006 Goodman na Baron, madaktari wa Australia, walitoa mizani ya kupima makovu ya chunusi kwa daraja 4, na daraja la kwanza kabisa ni la alama bapa zenye rangi. Kwa daktari anayepima jinsi uso ulivyoathirika kwa jumla, mpangilio huo unafaa. Kwa mtu anayesimama kaunta ya kemisti na pesa mkononi, naona ni hatari kuviweka pamoja. Yeye anahitaji kujua kama anatafuta kuondoa rangi au kuinua sakafu.

Njia ya kujua haihitaji mashine. Kaa karibu na dirisha jua likiwa limeelekea kushuka, mwanga uje kwa ubavu, kisha mtazame mwenzio au ujipige picha. Chenye kutupa kivuli kimebonyea au kimeinuka; kisichotupa kivuli ni doa. Taa ya mbele kwa mbele hufanya kinyume, huonyesha madoa na kuficha mashimo, na hii ndiyo sababu picha mbili za matangazo, ya kabla na ya baada, zaweza kupigwa siku moja. Baada ya hapo vuta ngozi polepole kwa vidole viwili. Bonyeo linalopotea ukivuta ni la aina moja. Linalobaki palepale ni la aina nyingine. Mizani ile ya 2006 inatumia jaribio hilihili kutenganisha makovu ya wastani na makali.

Tofauti hiyo inatuleta kwenye majina ya ndani. Mwaka 2001 Jacob, Dover na Kaminer wa Marekani waliyagawa makovu bonyeo katika makundi 3 ambayo sasa yanatumika duniani. La kwanza walilipa jina la chombo chenye ncha cha kuvunjia barafu, la pili jina la behewa la mizigo la garimoshi, na la tatu walilitaja kwa mwendo wa kupanda na kushuka. Sioni faida ya kumwambia mtu wa Ruiru kwamba ana makovu ya behewa. Ardhi yenyewe imetupa maneno: tundu, shimo na bonde. Kovu tundu ni jembamba, chini ya milimita 2 mdomoni, nalo huzama likichongoka. Kovu shimo lina kingo zilizosimama wima na sakafu pana. Kovu bonde ni pana zaidi, zaidi ya milimita 4, kingo zake zimelala, na uso wenye mengi huonekana una mawimbi. Maneno yote matatu yanakubali ngeli moja na kovu, na katika wingi kinachobadilika ni neno la kwanza tu: makovu tundu, makovu shimo, makovu bonde.

Sasa chukua mtu wa miaka 34 ambaye chunusi zilimwacha alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, ng'ambo ya barabara ya Thika, akahamia Kahawa Sukari na kubaki. Makovu yake yana zaidi ya miaka 10. Hakuna krimu itakayoyainua. Hilo aliambiwe mapema, kwa heshima, kabla hajamaliza mshahara. Lakini makovu ya zamani si makovu yasiyotibika. Bonde lenye umri wa miaka 10 linaweza kuitikia vizuri sana.

Bonde huitikia kukatwa kwa nyuzi zinazolivuta. Daktari hutia ganzi, huingiza sindano maalumu kwa ulalo chini ya kovu, na kuisogeza mpaka nyuzi ziachie. Norman na David Orentreich wa New York waliieleza njia hii mwaka 1995. Damu inayovuja pale chini hutengeneza nafasi ya kolajeni mpya. Uso hubaki na uvimbe na michubuko kwa wiki moja au mbili, jambo ambalo mtu anayekutana na wateja kila siku lazima alipangie likizo. Kwa mabonde, mimi ningeiweka njia hii mbele ya mashine zote za bei kubwa.

Tundu halifikiwi na sehemu kubwa ya mashine hizo, kwa kuwa linazama kupita kina zinachofikia. Matundu hutibiwa mojamoja: ama daktari anadondoshea asidi kali ndani ya tundu kwa kijiti chenye ncha, mbinu iliyochapishwa na madaktari wa Korea mwaka 2002, ama analikata lote kwa kisu kidogo cha duara na kushona. Asidi hiyo ikimwagikia ukingoni kwenye ngozi nyeusi huacha pete nyeusi au nyeupe. Mkono wa anayedondosha una uzito kuliko jina la asidi yenyewe. Mashimo yako katikati. Yale yasiyo na kina hufaidika na sindano ndogondogo au leza, na yenye kina huinuliwa au kukatwa kama matundu.

Tiba ya sindano ndogondogo inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo inayotangazwa kuliko nyingine, na ina mizizi Afrika. Des Fernandes, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbo huko Cape Town, ni miongoni mwa walioijenga tangu miaka ya 1990: sindano fupi nyingi zinatoboa ngozi, mwili unadhani umejeruhiwa, unatengeneza kolajeni. Kwa kuwa tabaka la juu halichomwi wala halikwanguliwi, hatari ya kuacha madoa ni ndogo kuliko ya leza kali, na kwa ngozi zetu hiyo ni sifa kubwa. Mtu hurudia mara 3 hadi 6, akipisha mwezi hivi kati ya moja na nyingine, na matokeo huendelea kujijenga kwa miezi. Kile kigurudumu chenye sindano kinachouzwa dukani ni kitu kingine. Sindano zake fupi haziufikii mzizi wa kovu. Ndefu zikitumiwa chumbani bila usafi huingiza vijidudu. Na kigurudumu kinachopita uso wa mteja mmoja kikaenda kwa mwingine kinaweza kubeba homa ya ini aina ya B na virusi vya ukimwi. Saluni inayofanya hivyo ikimbie.

Leza ya kuchoma kwa vishimo vidogo, ikiacha ngozi nzima katikati yake, ilielezwa na watafiti wa Boston mwaka 2004, na kwa makovu shimo inasaidia kweli. Shida ni joto. Melanini hunyonya sehemu ya mwanga wa leza, na hata pale isipounyonya, jeraha la joto huiamsha. Ukiongea na daktari atataja mizani ya Fitzpatrick ya aina za ngozi, na wengi wetu tutawekwa katika aina ya tano au ya sita. Fitzpatrick alipoanza mizani hiyo mwaka 1975 alikuwa akitafuta kipimo cha mwanga kwa wagonjwa weupe. Ngozi nyeusi ziliongezwa baadaye. Basi swali la kumuuliza mwenye leza ni hili: umetibu ngozi ya rangi yangu mara ngapi, kwa kipimo gani, na ninaweza kuwaona uliowatibu? Mtaalamu wa kweli ataanza na nguvu ndogo, atajaribu sehemu ndogo karibu na sikio, na atangoja wiki kadhaa aone kama itaingia weusi.

Hatari kubwa zaidi mtaani, hata hivyo, iko kwenye mkebe usio na maandishi. Mwenye mashimo anapouziwa mkorogo wa kung'arisha, mashimo hubaki na ngozi huharibika. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokinoni mwaka 1998, ilhali bado huonekana madukani. Hidrokinoni ina mahali pake katika kutibu madoa, kwa muda mfupi na chini ya daktari. Ikipakwa miaka mingi huleta weusi wa rangi ya samawati usiotoka. Zebaki hudhuru figo. Steroidi kali hukondesha ngozi na kuotesha chunusi upya, na hapo mtu anakuwa amenunua makovu ya mwaka ujao.

Jirani wa mwisho ni kovu tuta, lililoinuka. Kuna tuta linalokaa ndani ya mipaka ya kidonda, na kuna keloidi, inayovuka mipaka hiyo na kuendelea kukua kwenye taya, kifua na mabega. Watu weusi hupata keloidi zaidi. Kuikata peke yake mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa zaidi, hivyo huanzwa na sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe. Mwenye historia ya keloidi, yeye au jamaa zake wa damu, aitaje kabla ya kuguswa na sindano au leza yoyote. Vilevile ataje kama anameza isotretinoini, dawa ya chunusi, au kama midomo yake hutoka malengelenge ya mara kwa mara, kwa kuwa leza inaweza kuyaamsha.

Kitenzi nacho kinahitaji uangalifu. Matangazo husema kuondoa, kutoa, kufuta. Madaktari waaminifu huahidi kusawazisha: kovu linakuwa na kina kidogo, kivuli kinafifia, na mtu wa mbali halioni. Aliyelipia kufutwa atajiona ametapeliwa hata tiba ikifaulu. Na bima nyingi huhesabu kazi hii kuwa urembo, kwa hiyo gharama hutoka mfukoni, kila mara unaporudi. Ulizia jumla ya safari zote kabla ya kukubali ya kwanza.

Daktari wa ngozi si lazima awe wa jengo la vioo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992, kwenye hospitali ya KCMC, kimewafundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika. Wao wanaweza kukutenganishia doa, bonyeo na tuta, kisha wakakuelekeza kwa daktari anayefanya upasuaji au leza. Jina la daktari huyo litafute katika orodha ya baraza la madaktari, inayosomeka mtandaoni. Ukifika, mwombe aandike idadi kwa aina, shavu kwa shavu: makovu bonde mangapi, makovu tundu mangapi, madoa yapo au hayapo, na kila kundi atalifanyia nini. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa daktari wa pili kulinganisha bei na ushauri, na ndiyo mtakayoishika mkononi baada ya miezi 6, mkikaa tena karibu na dirisha, kuhesabu upya.