Stuxnet
Stuxnet ni kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa mwaka 2010 na kampuni ya usalama wa kompyuta ya Belarus, baada ya kushambulia kituo cha kurutubisha urani cha Natanz nchini Iran. Mitambo ya Natanz haikuunganishwa na intaneti, hivyo kirusi kiliundwa kisafiri kwa flashi. Kutazama tu orodha ya mafaili ya flashi hiyo kulitosha kuambukiza kompyuta. Kikishaingia, kilitafuta vidhibiti vya Siemens vinavyoendesha mashine za kurutubishia, kikazizungusha kupita kiasi, kisha kikazipunguza mwendo hadi karibu kusimama. Wakati huohuo skrini za mafundi zilionyesha vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa kabla, na hapo ndipo penye hatari yake kubwa: mashine ziliharibika mbele ya watu walioamini kuwa mambo ni shwari. Inakadiriwa mashine zilizoharibika zilifika 1,000. Marekani na Israel zinatajwa kuwa ndizo zilizokiunda, ingawa hazijakiri rasmi. Silaha hiyo haikubaki ilikolengwa. Ilienea hadi India na Indonesia, ambako iliambukiza kompyuta nyingi bila kuharibu mitambo, kwa kuwa ilisubiri mpangilio kama wa Natanz. Msimbo wake, tofauti na kombora lililokwisha kulipuka, ulibaki mzima mikononi mwa yeyote aliyetaka kuuchambua na kuuiga.