Plagi Chini ya Boneti: Hita ya Injini Ilivyofika Kaloleni

Leo naiacha kompyuta kidogo tuzungumze malori, ingawa mwishoni mtaona ni mambo yale yale.

Kuna lori kuukuu la dizeli ambalo mafundi wa Kaloleni, hapa Nairobi, walikuwa wakilitengeneza karibu na Barabara ya Jogoo. Walipong'oa grili ya mbele walikuta waya mweusi umefungiwa kando ya rejeta, na mwisho wake una plagi ya umeme. Plagi kabisa, kama ya pasi, ila ilikuwa na pini mbili bapa badala ya tatu zetu. Ubishi ukaanza. Mmoja alisema ni ya kuchaji betri. Mwingine alisema ni kifaa cha kuzuia wizi. Tanboi akapendekeza njia ya mkato: tuichomeke kwenye soketi tuone itafanya nini.

Nikawaambia ngojeni kwanza.

Tuliufuata ule waya. Ulikuwa umeingia ubavuni mwa bloku ya injini, kwenye tundu ambalo kwa kawaida huzibwa kwa kizibo cha chuma. Ndani yake kuna koili iliyozama kwenye maji ya kupozea injini, kama ile ya birika la umeme. Hiyo ndiyo hita ya bloku. Usiichanganye na zile hita plagi ambazo mafundi wetu wanazijua vizuri. Hita plagi hutumia umeme wa betri kwa sekunde chache tu. Hita ya bloku hutumia umeme wa nyumbani, tena kwa saa kadhaa, gari likiwa limezimwa.

Ya nini basi? Injini ya dizeli haina cheche. Huibana hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Chuma kikiwa baridi kama barafu hulinyonya joto hilo, oili huwa nzito kama uji uliolala, na betri nayo hupungukiwa nguvu wakati ule ule. Stata inalia, injini haiitiki.

Kabla ya umeme watu wa nchi za baridi walihangaika sana. Wengine waliimwaga oili jioni, wakailaza ndani ya nyumba, na asubuhi wakaipasha jikoni kabla ya kuirudisha. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa Urusi waliwasha moto chini ya magari yao ili yaweze kuondoka.

Kule North Dakota, Marekani, bwana mmoja aitwaye Andrew Freeman alibuni hita iliyokaa mahali pa bolti moja ya injini, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1949. Freeman alikuwa meneja wa ushirika wa umeme wa vijijini. Umeme ulikuwa unafika mashambani, naye akaupatia kazi mpya. Baadaye miji kama Winnipeg na Fairbanks iliweka soketi kwenye maegesho ya magari, kama sisi tunavyoweka mabomba ya maji sokoni.

Kaloleni yenyewe ni ya miaka hiyo hiyo ya 1940. Mtaa ulijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya familia za Waafrika, na mateka wa vita kutoka Italia walifanya kazi ya ujenzi. Jirani ni Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Wazee wa reli hawangeshangaa kusikia injini ikipashwa moto kabla ya safari. Garimoshi la mvuke liliwashwa moto saa kadhaa kabla ya kuondoka, na kulikuwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo.

Lakini asubuhi ya Julai Nairobi huwa ni nyuzi 10 hivi. Hakuna barafu hapa. Hita hii imesafiri kuja mahali ambapo haina kazi.

Haina kazi, ila ina hatari. Kibandiko chake kilisomeka volti 120, wati 400. Soketi zetu ni volti 240. Ukizidisha volti mara mbili kwenye koili ile ile, joto huongezeka mara nne: wati 400 zinakuwa 1,600. Ikiwa imetoka Japan, ambako umeme ni volti 100, inakaribia mara sita. Koili inaungua, au waya unashika moto, na pale chini kumejaa oili na dizeli. Ile "tuone itafanya nini" ya tanboi ingeweza kuteketeza lori na gereji.

"Basi tuing'oe," mafundi wakasema. Hapana! Hita ndiyo inayoziba lile tundu sasa. Ukiitoa bila kizibo cha kuweka mahali pake, maji yote yanamwagika. Tulikata plagi, tukaufunga mwisho wa waya vizuri, hita ikabaki kama kizibo.

Nasema haya kwa sababu ya themostati. Mafundi wengi wa kwetu huing'oa wakisema hii ni nchi ya joto, themostati ni ya Wazungu. Hoja inafanana na ya hita, lakini hapa si sahihi. Themostati haiangalii hali ya hewa ya nchi, inaangalia joto la injini. Huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hunywa mafuta zaidi na huchakaa mapema. Mwenye lori ndiye anayelipa, kila siku, bila kujua.

Vitu viwili vimetoka ng'ambo. Kimoja hakina kazi hapa, kingine kina kazi popote. Huwezi kuvitofautisha kwa kuangalia vilikotoka. Inabidi uulize kila kimoja kiliwekwa kutatua shida gani, na kama shida hiyo tunayo.

Wenzangu mnaoandika programu mnanielewa. Umekuta mstari kwenye programu ya zamani, hujui unafanya nini, kidole kiko tayari kufuta. Soma historia yake kwanza. Halafu angalia kama kuna tundu ambalo mstari huo umeliziba.