Dawa za Kuongeza Uchungu: Zimetoka Wapi, na Zinafaa Lini?



Mama mmoja mjamzito anayefanya kazi ya nyumbani hapa Spring Valley aliniuliza hivi: "Sista, nyanya yangu alikunywa miti shamba akajifungua upesi. Mimi pia nimeletewa chupa kutoka mashambani. Itanidhuru vipi?" Swali lake ni zuri, na jibu limo katika historia.

Kwanza tuujue mwili. Tumbo la uzazi ni msuli, na hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaotoka katika seli zake. Umeme ukipita, madini ya kalisiamu huingia ndani ya seli na msuli hukaza. Wakati wa mimba, homoni iitwayo projesteroni huutuliza umeme huo ili mtoto akae salama. Siku zikitimia, homoni ya estrojeni huziunganisha seli ili zikaze pamoja. Kisha oksitosini, homoni itokayo kwenye ubongo, huongeza nguvu. Huo ndio uchungu: huja, huachilia, huja tena.

Mwaka wa 1906, mtafiti Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba dawa iliyotolewa katika tezi ndogo chini ya ubongo hukaza tumbo la uzazi la paka mwenye mimba. Mwaka wa 1953, Vincent du Vigneaud wa Marekani akafaulu kutengeneza oksitosini katika maabara, na mwaka wa 1955 akapata Tuzo ya Nobel.

Lakini wanawake wa Afrika nao walikuwa na dawa zao. Miaka ya 1960, daktari Lorents Gran kutoka Norway alikuwa akihudumu Kongo na Msalaba Mwekundu. Aliona akina mama wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu. Mmea huo ulipochunguzwa, ulipatikana kweli una kiini kinachokaza tumbo la uzazi, na hakiharibiki hata kikichemshwa.

Kwa hivyo, mama, nyanya hakudanganya. Baadhi ya miti shamba ina nguvu kweli, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto hupata hewa vizuri msuli unapolegea kati ya uchungu mmoja na mwingine. Ukikaza bila kupumzika, mtoto hukosa hewa. Tumbo la uzazi nalo laweza kupasuka, hasa kama una kovu la upasuaji. Hospitalini matone ya dripu huhesabiwa, na mkunga husikiliza moyo wa mtoto. Uchungu ukizidi, hufunga dripu. Chai ikishanywewa haifungwi, na chupa haina kipimo.

Mtoto akishazaliwa, mambo hugeuka. Sasa tunataka msuli ukaze sana, kwa sababu kukaza huko ndiko kunakobana mishipa ya damu pale kondo la nyuma lilipobanduka. Ukilegea, mama anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi kwa kutokwa na damu. Ndiyo sababu hudungwa sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapotoka. Sindano hiyo huharibika kwa joto, hivyo huwekwa kwenye friji. Mwaka wa 2018, utafiti uliowahusisha karibu akina mama 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa dawa ya kabetosini isiyohitaji friji huzuia damu sawa na oksitosini.

Basi mama, kumbuka haya:

Usinywe dawa yoyote ya kuharakisha uchungu nyumbani.

Kama umeshakunywa, usifiche. Mwambie mkunga mara moja ili amwangalie mtoto kwa makini.

Jifungulie mahali penye mkunga aliyefunzwa, na usikatae sindano ya baada ya kujifungua.

Nawe mlezi, damu ikiendelea kumwagika baada ya mtoto kuzaliwa, usingoje kupambazuke. Mpeleke mama hospitalini.

Nguvu ya dawa inaokoa ikija kwa wakati wake na kwa kipimo chake. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema wewe na mtoto wako.